Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya misitu: nakala moja ya mimea ya Ngezi ibaki Pemba

Mheshimiwa Waziri,

Assalaamu alaykum. Mimi ni mkaazi wa Makangale, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwatembeza watafiti katika msitu wa Ngezi.

Safari ya mwisho nilimshikia mgeni mtafiti mbao zake za kubania mimea ili ikauke iwe sampuli. Alikata kitawi chenye maua, akakilaza baina ya magazeti, akageuza jani moja ili mgongo wake uonekane, akakaza mikanda. Rangi ya ua aliiandika pale pale, maana likikauka hupotea. Kisha akaniuliza, hapa panaitwaje? Nikamtajia jina la kijito kama alivyokuwa akilitamka marehemu babu yangu. Baadaye nilipoiona lebo iliyochapwa, jina lile halimo. Imeandikwa "Ngezi, Pemba", basi.

Iliniuma. Enzi za John Kirk, balozi wa Uingereza huko Unguja aliyepeleka mimea mingi kwenye bustani ya mimea ya Kew, London, kuna lebo zilizoandikwa "Zanzibar" tu, na wakati huo jina hilo lilibeba hata mwambao wa bara uliokuwa chini ya Sultani. Anayeutafuta mmea huo leo aanzie wapi, Jozani au Bagamoyo?

Mheshimiwa, uchukue mpapindi, mti wa jamii ya minazi. Porini haumei popote duniani ila Pemba. Jamaa zake wako Madagascar na Comoro. Ulipopewa jina la kisayansi mwaka 1962, uliitwa kwa jina la kisiwa chetu. Mtoto wa skuli wa Konde akiusoma, natamani afungue kabati hapa hapa Pemba, aione karatasi yenyewe, na lebo imwambie ni bonde gani.

Ombi langu ni sharti moja katika kibali cha utafiti. Wakusanyaji wana desturi ya kukata vitawi kadhaa vya mti mmoja, wakavipa namba moja na kuvigawa kwa hifadhi mbalimbali za mimea iliyokaushwa. Kimoja kibaki Pemba, na lebo yake ibebe jina la mmea na la mahali kama wenyeji wanavyoyataja. Mmea ukiwa mchache hata kukata mara mbili ni kuudhuru, zibaki picha na maelezo yote. Vipimo vya GPS vya mimea adimu viandikwe kwenye nakala ya kabatini lakini visitangazwe kwenye intaneti, kwani wapo wanaong'oa kwa ajili ya kuuza.

Najua unyevu wetu na wadudu ni adui wa karatasi. Chumba kikavu, makabati ya chuma yanayofunga vizuri na friza ya kugandishia sampuli mpya ili wadudu wafe vinatosha kuanzia.

Wazee wanaoyajua majina ya vijito na mabonde ya Ngezi wamebaki wachache. Ukimtuma afisa na daftari lake, nitampeleka kwao mmoja mmoja, kisha tuingie msituni pamoja. Malipo sitaki.

Wako mtiifu,
Mtembezaji wa msituni, Makangale, Pemba