Kaka yangu hakujua kupiga mluzi

Ndugu Mhariri,

Katika kipindi cha sauti kilichosimulia mauaji ya kaka yangu, dakika ya pili unasikika mluzi. Mtu anatembea gizani, viatu vinalia kwenye changarawe, anapiga mluzi, halafu mluzi unakatika ghafla.

Kaka yangu hakujua kupiga mluzi. Alivunjika meno mawili ya mbele akiwa na miaka 11, na kila alipojaribu ulitoka upepo mtupu, tukamcheka mpaka naye akacheka. Msimulizi hakulijua hilo kwa sababu hakumuuliza mtu yeyote wa kwetu.

Ni miaka 19 sasa. Alipigwa kichwani, mwili ukakutwa asubuhi kando ya njia aliyoipita kila siku. Hakuna aliyefikishwa mahakamani. Kila nilipofuatilia jalada niliambiwa upelelezi unaendelea. Mpelelezi wa kwanza akahamishwa, wa pili akastaafu. Mama alichoka kuuliza, mimi bado nauliza.

Siandiki kuomba simulizi za mauaji ambayo hayajapata mwenyewe zipigwe marufuku. Nazisikiliza, na najua zinaweza kufanya nini zikipata mtu mwenye subira. Mwaka 1996 mwanafunzi Kristin Smart alitoweka chuoni kwake huko California. Zaidi ya miaka 20 baadaye, mwanamuziki Chris Lambert, ambaye hakuwa askari wala mwanahabari, alianza kuwatafuta waliomfahamu binti yule na kurekodi walichokumbuka. Kipindi chake kilianza 2019. Wakajitokeza mashahidi, na sherifu wa huko akakiri hadharani kwamba kazi ile iliwasaidia wapelelezi. Oktoba 2022 Paul Flores, aliyekuwa mwanafunzi mwenzake, alitiwa hatiani kwa mauaji hayo, ingawa mwili wa Kristin ulikuwa haujapatikana.

Hata kwetu, kipindi kile chenye mluzi wa uongo kilizaa kitu. Wiki tatu baada ya kurushwa, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa jirani yetu zamani alinitafuta. Aliniambia, "Mwanangu, wanasema aliuawa saa 3 usiku. Mbona mimi nilimwona saa 4 na nusu?" Alikuwa anafunga dirisha. Kaka yangu alikuwa ameinama chini ya taa ya barabarani, mguu mmoja juu ya jiwe, anafunga kamba ya kiatu. Akainua kichwa akamwamkia, naye akaitikia. Saa anaikumbuka kwa sababu mumewe alikuwa na zamu ya usiku na ndiyo kwanza ametoka kwenda kazini. Nilimuuliza kwa nini hakusema miaka yote hiyo. Akasema hakuna aliyemgongea mlango, na alidhani wenye kujua wanajua. Nilimshika mkono tukaenda kituoni, akaandikisha maelezo.

Wiki hiyohiyo alinijia mtu mwingine, mwanamume ninayemheshimu sana, akaniambia kwamba usiku ule alisikia mluzi. Aliniambia kwa uchungu, machozi yakimlengalenga, na naamini hakuwa anadanganya. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu ya magari yakigongana. Baadhi waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipogongana", wengine yalipokuwa "yanabamizana". Baada ya wiki moja waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu havikuwapo. Lakini kati ya watu 50 waliosikia neno lile kali, 16 walisema waliviona. Kati ya 50 wa neno la kawaida, 7 tu. Ikiwa neno moja linaweza kumwonyesha mtu kioo ambacho hakikuwapo, mluzi uliotengenezwa studio unafanya nini ndani ya kumbukumbu za mtaa mzima?

Kuna jambo jingine ambalo wasimulizi wengi hawalijali. Wapelelezi hufichaga jambo moja au mawili wanayoyajua wao na muuaji peke yao, ili siku mtu akija kukiri, au akitajwa, wapate kipimo cha kumpimia. Msimulizi anayepenyezewa siri hiyo na kuitangaza kwa sababu inasisimua amekivunja kipimo hicho. Hakirudi tena.

Kuhusu kutaja majina ya watuhumiwa, nitasema la Australia tu. Lynette Dawson alitoweka mwaka 1982. Kipindi cha 2018 kiliifanya habari yake ijulikane dunia nzima, na mwisho wa mwaka huo mumewe, Chris Dawson, akashtakiwa. Basi kelele zilezile zikageuka mzigo mahakamani: kipindi kiliondolewa kwa wasikilizaji wa nchi hiyo, kesi ikasimamishwa kwa muda, na hatimaye ikasikilizwa na jaji peke yake bila baraza la wazee wa mahakama. Alitiwa hatiani Agosti 2022. Alipokamatwa, familia ilikuwa imekwisha kungoja zaidi ya miaka 36, na ilibidi ingoje zaidi.

Kwa hiyo kwa vijana wanaoshika kinasa sauti na kwenda kusimulia kifo cha mtu wa watu: mwanzo nenda kwa ndugu zake. Waulize alicheka vipi, alivaa nini, alipita wapi. Nenda kwenye milango ambayo askari hawakuigonga. Ukipata jipya, lifikishe kwa mpelelezi kabla hujalipeleka hewani. Na ukikosea, rudi useme umekosea.

Nimemwandikia msimulizi wetu mara mbili kuhusu saa. Alinijibu kwa adabu kwamba kurekodi upya ni kazi kubwa na kwamba wasikilizaji wameshaipenda sehemu ile ilivyo. Mhariri, sikumwomba autoe mluzi. Nilimwomba arekebishe saa tu, kwa sababu huenda yupo aliyemwona mtu akikimbia saa 5 usiku ule, akasikiliza kipindi, akajiambia kwamba alichokiona hakihusiki. Mpaka leo ninapoandika, kipindi kile bado kinasema saa 3.

Dada wa marehemu