Ajira ya kwanza ya ualimu hupotelea kwenye karatasi

Mhariri,

Kila ajira za walimu zinapotangazwa, mazungumzo huwa yaleyale: nafasi chache, waombaji wengi, nani ana mtu wake Dodoma. Habari ya uchache wa nafasi hatubishani nayo. Ila sisi tunaowaandaa walimu tunaona wahitimu wengi wakiondolewa hata kabla hawajaulizwa swali moja la somo lao. Wanaondolewa na karatasi, na karatasi hizo zingeweza kurekebishwa wakiwa bado chuoni.

Miaka ya nyuma mhitimu aliomba kupitia mfumo wa TAMISEMI, kisha akasubiri jina lake kwenye orodha ya waliopangiwa vituo. Siku hizi maombi hupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na tangu mwanzoni mwa 2025 walimu nao wanafanyiwa usaili kama kada nyingine: mtihani wa mchujo, halafu mahojiano. Mwenye astashahada huomba Daraja la III A, mwenye stashahada III B, mwenye shahada III C. Tangazo la sekondari hutenganisha nafasi kwa masomo. Ukiomba somo ambalo halionekani kwenye transkripti yako kuwa la kufundishia, umejiengua mwenyewe, hata kama ulilifundisha vizuri mwaka mzima kwa kujitolea.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo kilio kikubwa kilipo. Chukua mfano wa kawaida kabisa. Cheti cha kuzaliwa kinasema Yusufu Hamisi Juma. Cheti cha kidato cha nne kinasema Yusuph H. Juma, kwa sababu ndivyo mwalimu wa darasa alivyoandika siku ya kusajili watahiniwa. Kitambulisho cha NIDA kinasema Yusuf Hamis Juma. Mtaani kila mtu anajua kwamba huyo ni mtu mmoja, lakini kwenye meza ya uhakiki ni watu watatu, na hakuna ofisa atakayetia saini kwa niaba ya watu watatu.

Ukali huo una historia yake. Aprili 2017, baada ya uhakiki wa vyeti, Rais Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Tangu hapo mhakiki anayekubali herufi zisizolingana anajua anachohatarisha.

Dawa yake inategemea kosa liko wapi. Vyeti vya NECTA (Baraza la Mitihani) ndivyo vigumu kuliko vyote kubadilishwa, kwa hiyo busara ni kuzivuta nyaraka nyingine zilingane navyo. Kama kosa liko NIDA, omba marekebisho huko mapema ukiwa na cheti cha kuzaliwa mkononi. Kama vyeti vyenyewe vinapingana, au umeongeza jina la mume, utahitaji hati ya kubadili jina iliyoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Watu wengi huishia kwenye kiapo cha wakili, wakagonga muhuri wakadhani wamemaliza. Matangazo ya usaili hutaka hati iliyosajiliwa. Kazi hiyo haiwezi kufanywa ndani ya siku chache za dirisha la maombi, na wala usijaribu kuifanya siku tatu kabla ya usaili.

La pili ni cheti chenyewe. Wapo wahitimu wa chuo kikuu ambao hawajawahi kukishika cheti chao cha kidato cha nne. Walipomaliza walichukua karatasi ya matokeo, wakaendelea na maisha, na cheti kikabaki kabatini kwa mkuu wa shule. Sekretarieti husema wazi kwamba karatasi za matokeo ya kidato cha nne na cha sita, matokeo ya muda na barua za shule za kuthibitisha kwamba ulisoma hapo hazipokelewi. Nenda kakichukue mwenyewe, ukasaini daftari. Aliyesoma nje ya nchi ana kazi ya ziada: cheti cha sekondari kipate ulinganifu wa NECTA, cha shahada kitambuliwe na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), cha ufundi au stashahada kipitie NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi).

Nakala zinazopandishwa kwenye mfumo lazima zithibitishwe na wakili. Hapa tunaona uzembe unaoumiza: picha ya simu iliyopigwa kitandani, kivuli cha mkono juu ya namba ya mtahiniwa, muhuri wa wakili umefifia hausomeki. Tumia skana ya stesheneri, kisha fungua faili kwenye kompyuta na ukilikuza uhakikishe unasoma kila tarakimu. Transkripti yenye kurasa mbili ipandishwe kurasa zote mbili.

Barua ya maombi iandikwe kwa Katibu wa Sekretarieti, S.L.P. 2320, Dodoma, itaje daraja na somo kama vilivyo kwenye tangazo, na isainiwe. Barua nyingi zinaandikwa vizuri halafu hazina saini, au bado zimebeba anwani ya TAMISEMI kwa sababu zimenakiliwa kutoka kwa kaka aliyeajiriwa zamani. Wadhamini wawe watatu, wanaopatikana kwenye simu, na wajue kwamba umewataja. Umri usizidi miaka 45. Mwenye ulemavu aueleze kwenye mfumo. Lipo eneo lake, na si la kuonea haya.

Jambo dogo linalowaponza wengi ni anwani ya makazi. Kituo cha usaili hufuata mkoa uliojaza kwamba unaishi. Aliyejaza Mwanza alipokuwa chuoni na sasa yuko kwao Newala ataitwa Mwanza, kwa nauli yake, chakula chake na malazi yake. Uhuishe anwani kabla majina ya walioitwa hayajatoka. Baada ya kuitwa, ingia kwenye akaunti unakili namba yako ya usaili, maana siku yenyewe hutaipewa mlangoni. Beba vyeti halisi vyote kuanzia cha kuzaliwa, pamoja na kitambulisho.

Kuhusu mtihani wenyewe hatutasema mengi. Mwenye somo lake analijua. Ila wengi husoma maudhui ya somo tu wakasahau ualimu wenyewe: azimio la kazi, andalio la somo, upimaji, saikolojia ya ujifunzaji, maadili ya kazi. Na mtaala umebadilika. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, ilianza kutekelezwa madarasani Januari 2024 kwa elimu ya awali, darasa la kwanza, la tatu na kidato cha kwanza cha mkondo wa amali (ufundi), na kila mwaka inapanda darasa. Anayeeleza andalio la zamani la utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri na hitimisho ajue kwamba mihtasari mipya ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) inazungumzia umahiri mkuu, umahiri mahususi na shughuli za ujifunzaji. Pakua muhtasari wa somo lako, ni nyaraka ya wazi, na ujizoeze kuandika andalio kwa mkono.

Andalio ndilo pia kipimo cha shule binafsi, ambako wahitimu wengi huanzia. Huko usaili mkubwa ni demo. Unapewa mada, pengine jana yake, unaingia darasani na mkuu wa shule na mwalimu wa taaluma wamekaa nyuma. Wape kila mmoja nakala. Jaza tarehe, darasa, kipindi, idadi ya waliosajiliwa na waliohudhuria kwa wavulana na wasichana. Sehemu ya tathmini na maoni iache wazi. Hutaamini ni walimu wangapi wapya huandika usiku uleule “asilimia 75 ya wanafunzi wameelewa”, darasa lenyewe hawajaliona! Msimamizi akikuta hivyo, kipindi kimekwisha kabla hujaandika tarehe ubaoni.

Kipindi cha sekondari ni dakika 40, lakini demo mara nyingi hukatwa katikati. Kwa hiyo weka shughuli ya wanafunzi mapema, ndani ya dakika kumi za mwanzo, kusudi ionekane. Andaa swali moja la kuwagundua waliokuwa kimya. Usiwapange watoto 60 katika makundi bila kujua madawati yanageukaje. Dakika saba zitaishia kwenye kelele za kuburuta viti. Ukiulizwa usilolijua, sema utalitafuta na uandike swali pembeni mwa ubao. Wasimamizi wazuri hupenda hilo kuliko jibu la kubabaisha.

Ukikubaliwa, dai mkataba wa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kazi kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Uliza namba yako ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na baada ya miezi miwili hakiki kama michango imeingia. Vyeti halisi usimwachie mwajiri “avitunze”. Mpe nakala zilizothibitishwa. Shule inayoshikilia vyeti inajua walimu wake wangependa kuondoka. Anayejitolea kwenye shule ya serikali naye aombe barua ya mkuu wa shule yenye tarehe ya kuanza, nakala iende kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Maneno ya mdomo hayapandishwi kwenye mfumo wowote.

Na wale wanaouza “konekisheni”? Kuomba kupitia Ajira Portal hakulipiwi hata shilingi. Anayeomba fedha ya kupitisha jina ni tapeli au mla rushwa, na namba ya TAKUKURU ni 113, bure.

Mwisho ni siku ya kuripoti. Barua ya kupangiwa kituo ina muda wake. Ukipita, nafasi inaweza kwenda kwa mwingine. Nenda kwa Mkurugenzi ukiwa na vyeti halisi, seti kadhaa za nakala, picha ndogo, namba ya NIDA na akaunti ya benki. Utajaza fomu, utapimwa afya, utapangiwa shule, na miezi 12 ya matazamio itaanza kuhesabiwa. Mshahara hauji mpaka taarifa ziingizwe kwenye mfumo na upate cheki namba (namba ya mtumishi kwenye orodha ya mishahara), hivyo aliyefika katikati ya mwezi anaweza kuukosa mwezi huo na kuudai kama malimbikizo. Posho ya kujikimu ni haki yako, lakini huchelewa. Tafuta akiba ya kula na kodi ya miezi miwili, hata kama ni kwa kumkopa mjomba.

Ukiupata mshahara, usishangae. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, PSSSF (pensheni) asilimia 5, NHIF (bima ya afya) asilimia 3, na aliye mwanachama wa CWT (Chama cha Walimu) asilimia 2. Hiyo ni robo kamili kabla ya kodi ya mapato. Anayekwenda kuchukua mkopo wa benki mwezi wa kwanza aanze na hesabu hiyo.

Kwa vyuo tuna ombi moja. Kabla ya BTP (mazoezi ya kufundisha shuleni) ya mwisho, mkufunzi mmoja akae na kila mwanachuo dakika kumi, nyaraka zote mezani: cheti cha kuzaliwa, NIDA, kidato cha nne, kidato cha sita. Zisipolingana, mwanachuo anayo miezi ya kutosha ya kuzirekebisha, na wengi wao kwenye BTP hupita njia ileile inayokwenda kwenye shule waliyosahau cheti.

Wakufunzi wa ualimu,
Morogoro