Picha ya mguu wa mama imefikaje Mbeya?

Ndugu mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi mambo. Naomba nafasi kidogo, kuna jambo limenikaa rohoni tangu mwezi wa tatu.

Mama yangu ana sukari, mwaka wa 11 huu, na safari hii kidonda kilimtoka kwenye unyayo tukampeleka hospitali hapa mkoani wakamlaza. Siku ya pili akaja daktari kijana, mpole kwakweli simsemi vibaya, akafungua bandeji akatoa simu yake mfukoni akapiga picha tatu nne akaondoka. Hakuuliza kitu na sisi hatukuuliza, nani anamhoji daktari na wewe umeshika beseni?

Wiki haijaisha mdogo wangu anayesoma unesi Mbeya ananitumia picha WhatsApp, anasema dada hebu angalia, huyu sio mama? Mguu peke yake angeweza kuufananisha, ila ile kanga ya njano iliyoungua na pasi kwenye pindo ni ya mama, alafu pembeni kadi ya kitandani inasomeka kabisa, jina na umri. Imeletwa kwenye grupu lao la darasa na mtu aliyeitoa kwenye grupu lingine, na huyo naye aliipata wapi hajui mtu.

Nikamfata daktari. Akanieleza kwamba alimtumia bingwa mmoja Dar amuulize kama mguu unaokoleka au ukatwe, na bingwa akajibu usiku uleule, na mguu wa mama upo mpaka leo. Sasa hapo hata kukasirika nashindwa vizuri. Mabingwa ni wachache, huku mikoani ndo usiseme, kwahiyo mi sidai wasipige picha. Ila kumuuliza bingwa mmoja ni kitu kingine na kuirusha kwenye grupu la watu 200 ni kitu kingine, na yeye alikiri alifanya vyote viwili, "ili wengine wajifunze".

Sheria tunayo bana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022 ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, zinataka ridhaa ya maandishi, isipokua mazingira fulani kama matibabu yenyewe. Haya, kumuuliza bingwa nakubali ni matibabu. Wanafunzi wa Mbeya walikua wanamtibu mama?

Kilichonimaliza ni alivyotaka kunituliza. Eti dada usijali, siku hizi hata bingwa tunaweza tusimsumbue, kuna app ya AI, hiyo akili mnemba, unaiwekea picha inakwambia kidonda kimefika hatua gani. Yaani ndo nikaogopa zaidi, hiyo app ya nani, picha inaenda kukaa kwenye kompyuta za nchi gani, na ikisema kata wakati hakuna cha kukata nani anashtakiwa, daktari, hospitali au aliyeitengeneza akiwa huko kwao? Sheria hiyohiyo inagusa kupeleka taarifa nje ya nchi, na inagusa pia maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake, mtu anaweza kukataa. Sasa utakataaje kitu ambacho hujaambiwa kama kinatumika?

Jirani zetu Kenya ishawakuta, tena bila AI yoyote. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza yakusanywe majina ya watoto wa shule wanaoishi na VVU, na kina mama wajawazito na wanaonyonyesha pia, nia ilikua wapate huduma. Desemba 2016 Mahakama Kuu Nairobi ikasema agizo lile linavunja katiba, majina yafichwe. Mimi sina pesa ya wakili, wala sitaki kumfunga kijana aliyeokoa mguu wa mama yangu.

Ninachotaka ni kidogo. Ukipelekwa theatre unaletewa fomu usaini, hata kama huisomi. Basi kwenye fomu ya kulazwa waongeze sehemu ya picha: inapigwa kwa ajili gani, anapewa nani, inaingia kwenye AI au haiingii, na mgonjwa aweze kusema hii ndio hii hapana. Wodi iwe na simu yake ya kazi, sio hii hii ambayo daktari akifika nyumbani watoto wanachezea gemu. Na kadi ya kitandani jamani igeuzwe, hiyo haitaki hata bajeti.

Mama bado anaenda kufunga kidonda kila Jumatatu na Alhamisi. Ile kanga haivai tena hospitali, anaazima kitenge changu, na kabla nesi hajafungua bandeji anamuuliza kwanza, mwanangu, simu yako iko wapi?

Ni mimi msomaji wenu,
Morogoro