Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi: Mkanda wa helmeti nao ukaguliwe

Mheshimiwa Waziri,

Askari wa usalama barabarani akisimamisha bodaboda, kwa kawaida hutazama kama kofia ngumu ipo kichwani. Ikiwepo, safari inaendelea. Abiria wanalijua hilo, ndiyo maana wengi huipachika tu, mkanda ukining'inia na kifungo kimeshakatika.

Kofia hiyo haimkingi mtu. Pikipiki ikigonga, abiria hurushwa, na kofia isiyofungwa huchomoka kabla kichwa hakijafika kwenye lami.

Iliyofungwa nayo inategemea kilichomo ndani. Chini ya ganda la plastiki panatakiwa povu gumu, jamii ya lile linalofungashiwa televisheni. Kichwa kikigonga chini, povu hupondeka, na kule kupondeka ndiko kunakopunguza kishindo kinachoufikia ubongo. Likishapondeka halirudi, hivyo kofia iliyopata ajali haifai tena hata kama ganda halina ufa. Kofia nyingi za bei rahisi hazina povu hilo kabisa. Funua kitambaa cha ndani: ukikuta sponji laini limegandishwa moja kwa moja kwenye plastiki, hiyo si kinga. Shirika la Afya Duniani linasema helmeti iliyovaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74. Neno la kushika hapo ni "sawasawa".

Vietnam ililazimisha helmeti kwenye barabara zote kuanzia tarehe 15 Desemba 2007. Uvaaji ulivuka asilimia 90 kwa muda mfupi, na majeraha ya kichwa yakapungua. Lakini wapo waliovaa bila kufunga, na kofia dhaifu zikajaa sokoni. Ikabidi kanuni za faini zimguse pia asiyefunga mkanda.

Tunaomba kifungu cha helmeti katika Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, kitamke wazi kwamba kofia isiyofungwa ni sawa na kofia isiyovaliwa, kwa dereva na kwa abiria. Ukaguzi wake ni wa sekunde chache: vidole viwili vipite kati ya mkanda na kidevu, visizidi, kisha abiria mwenyewe aisukume kofia kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikimvuka usoni, haijafungwa.

Ubora ukaguliwe na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) bandarini na madukani. Si haki kumtoza faini dereva wa bodaboda kwa kofia mbovu aliyouziwa dukani hadharani.

Abiria wengi, hasa akina mama waliosuka, hukataa kofia kwa sababu ya jasho la mwenzao na hofu ya mapunye. Hofu hiyo ina msingi. Kofia nyepesi ya kitambaa ya kuvaa chini ya helmeti, ambayo kila abiria anabeba yake na kuifua, inatosha kuiondoa. Vyama vya bodaboda vinaweza kuanza kuziuza vijiweni wiki hii, bila kusubiri Bunge.

Na mshikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, ukomeshwe kwa dhati. Helmeti ya abiria ni moja. Wa tatu hana.