Taa mpya zikisumbua, tusikimbilie kuilaumu globu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme neno kuhusu jambo ambalo sisi mafundi wa umeme wa magari tunakutana nalo kila uchao. Mwenye gari ananunua globu za LED au seti ya zenoni ili zichukue nafasi ya zile za kawaida za halojeni, zenye waya unaong'aa kwa joto, anazifunga mwenyewe nyumbani, kisha taa zinaanza kupepesa, au moja inawaka na nyingine inagoma, au zote zinawaka lakini barabara inabaki na giza lile lile. Hukumu inayofuata huwa moja tu: globu ni feki. Sikatai kwamba feki zipo, tena nyingi. Ninachokataa ni kuifanya globu kuwa mshitakiwa wa kwanza na wa mwisho, ilhali mara nyingi chanzo cha tatizo kilikuwamo ndani ya gari hata kabla globu mpya haijatolewa kwenye boksi, na mwenye gari angeweza kukibaini mwenyewe kwa mita ya kupimia umeme, bisibisi na subira kidogo.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata mita. Ikiwa taa ya upande mmoja inasumbua, hamisha globu ya kulia uipeleke kushoto na ya kushoto uilete kulia. Kasoro ikihama pamoja na globu, basi globu ina hatia na irudishwe dukani. Kasoro ikibaki upande ule ule, globu haina kosa, na kununua nyingine ni kutupa fedha. Nashangaa jinsi kipimo hiki kinavyorukwa, hata na baadhi ya mafundi wenzangu wanaopenda kuuza kabla ya kupima.

Kasoro ikibaki upande wake, mtuhumiwa mkuu ni waya wa ethi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi ya gari. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea. Globu ya halojeni ya H4, iliyoenea sana katika magari ya kawaida, hutumia wati 55 kwa dimu (mwanga wa chini) na wati 60 kwa fuli (mwanga wa mbali), na mwanga wake huathirika mno na upungufu wa umeme: volti zikipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga hupungua kwa takribani asilimia 30. Injini ikiwa inanguruma na alteneta, kile kifaa kinachochaji betri, ni nzima, kwenye betri utasoma kati ya volti 13.8 na 14.4 hivi. Ukipima kwenye plagi iliyo nyuma ya taa ukakuta volti 12, maana yake volti mbili zimepotelea njiani, katika swichi iliyochakaa, waya mwembamba au kiungo chenye kutu. Gari la namna hiyo halikuhitaji globu kali zaidi. Lilihitaji kurudishiwa umeme wake.

Lakini kipimo hicho kina sharti moja ambalo lisipofuatwa mita itakudanganya: lazima upime taa ikiwa inawaka. Plagi ikichomolewa na kupimwa bila mzigo wowote, hata waya uliooza ukabakiwa na nyuzi mbili tatu utaonyesha volti zote, na utaapa kwamba umeme upo. Kwa hiyo acha plagi mahali pake, washa dimu, penyeza ncha nyekundu ya mita kwa nyuma ya plagi iguse waya wa ethi, na ncha nyeusi uiweke kwenye kichwa hasi cha betri. Mita inapaswa kusoma karibu na sifuri. Ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi ni mbovu. Ufuate waya huo hadi unapofungwa kwenye bodi, ambapo kwa kawaida ni boliti ndogo karibu na taa yenyewe. Ifungue, na usishangae ukikuta unga wa kijani kwenye kichwa cha waya na rangi ya gari chini yake. Piga msasa pande zote mbili mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi kidogo ili maji yasirudi. Dalili ya ubovu huu ni rahisi kuitambua hata kabla ya kupima: ukiwasha indiketa, taa kubwa inafifia na kung'aa kwa kufuata mapigo ya indiketa, kwa kuwa zote mbili zinagombea njia moja ya kurudishia umeme.

Kuna pia magari mengi ya Kijapani yenye tabia ambayo halojeni huificha na LED huifichua. Katika magari hayo, mguu wa pamoja wa plagi ya H4 ndio unaopokea chanya moja kwa moja, na swichi hufungua au kufunga upande wa ethi. Waya wa halojeni ndani ya globu haujali umeme unaingilia wapi, lakini LED ina chanya na hasi yake. Matokeo yake ni kwamba globu mpya inagoma kabisa, au dimu na fuli zinawaka pamoja, au ile taa ndogo ya buluu ya dashibodi inabaki ikimulika hafifu hata fuli ikiwa imezimwa. Kwa globu za miguu miwili mara nyingi inatosha kuchomoa plagi na kuigeuza. Kwa H4 yenye miguu mitatu kugeuza hakuwezekani, na dawa yake ni waya wa kuunganishia, unaokaa kati ya plagi na globu na kubadilisha njia za umeme, ambao huuzwa peke yake. Usikate waya za gari kwa jambo hili.

Katika magari ya karibuni kompyuta ndiyo inayolisha taa, tena kwa kuukatakata umeme haraka haraka badala ya kuutoa mfululizo. Waya wa halojeni haupoi katika vipindi hivyo vifupi, hivyo macho hayaoni kitu. LED huzimika papo hapo, na ndiyo maana inapepesa. Kompyuta hiyo hiyo hupima mzigo, na ikikuta LED inatumia umeme kidogo hudhani globu imeungua, kisha huwasha onyo kwenye dashibodi. Kuna vifaa vya kutuliza hali hii, na kuna wanaotumia rezista kubwa, yaani kizuia umeme, ili kuongeza mzigo. Rezista ya omu 6 kwenye volti 13.5 hutoa joto la wati 30 hivi, kwa hiyo ifungwe kwenye chuma tupu cha bodi. Nimezikuta zimefungwa kwa utepe kwenye fungu la waya, nyuma kabisa ya plastiki ya taa, na plastiki imeanza kupinda kwa joto. Hapo ndipo yale maelezo ya kwenye boksi kwamba LED inapunguza matumizi ya umeme yanapopoteza maana.

Kuhusu fyuzi nitasema kwa ufupi, ingawa ndilo jambo la hatari kuliko yote. Globu mbili za wati 100 huvuta karibu ampea 17 kwenye volti 12, na fyuzi nyingi za taa ni za ampea 10 au 15. Fyuzi ikikatika, inafanya kazi yake. Anayeweka kubwa zaidi, au anayeziba kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ameufanya waya wa gari kuwa fyuzi. Anayetaka globu kubwa na afunge rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme: mguu namba 30 upokee umeme kutoka betri kupitia fyuzi iliyo karibu na betri, namba 87 upeleke kwenye taa, na 85 na 86 viamriwe na waya wa zamani wa swichi. Kwa zenoni nitaongeza kwamba balasti yake, kile kiboksi kinachoilisha umeme, hutoa zaidi ya volti 20,000 wakati wa kuwasha. Hiyo haipimwi kwa mita ya nyumbani wala haishikwi ikiwa imewashwa.

Maji ndani ya taa baada ya kufunga globu mpya karibu kila mara hutokana na kifuniko cha nyuma kuachwa wazi kwa sababu feni ya kupoozea LED haiingii. Tafuta kifuniko kirefu zaidi, na usizibe vile vitundu vidogo vya kupumulia kwa silikoni.

Sasa nifike kwenye kiini cha barua hii. Hata baada ya yote hayo kunyooka, taa zikawaka bila kupepesa na dashibodi ikatulia, bado hatuwezi kusema taa zinafanya kazi, kwa sababu kuwaka siyo kazi ya taa. Kazi yake ni kuupeleka mwanga mahali panapotakiwa. Rifleka, yaani kile kikombe cha kung'aa kilicho ndani ya taa, imekokotolewa kwa kudhani kwamba mwanga unatoka mahali palepale waya wa halojeni ulipo, na ndani ya globu ya H4 kuna kikinga kidogo cha chuma chini ya waya wa dimu kinachozuia mwanga usipande juu. Vipande vya LED vikikaa milimita chache mbele au nyuma ya hapo, hesabu yote inavurugika. Hakikisha basi kwamba vipande hivyo vinatazama kushoto na kulia, si juu na chini. Globu nyingi zina kola inayolegezwa ili kuzungusha shina lake.

Kisha nenda ukutani. Gari lisimame mahali tambarare, mita 10 kutoka ukuta, matairi yakiwa na upepo sahihi, mtu akiwa ameketi kwenye kiti cha dereva, na kitufe cha kurekebisha kimo cha taa kikiwa kwenye sifuri. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, uchore mstari wa kimo hicho ukutani. Taa nyingi zina kibandiko au alama ya 1%, ambayo maana yake ni kwamba kwenye mita 10 ukingo wa juu wa dimu unapaswa kuwa sentimita 10 chini ya mstari huo. Kwa nchi zinazoendesha upande wa kushoto, ukingo huo hupanda kidogo kushoto. Kwa zinazoendesha kulia, hupanda kulia. Ukiuona ukingo mkali lakini umekaa juu, skrubu za nyuma ya taa zitaushusha. Usipouona ukingo wowote, bali wingu la mwanga lililotapakaa juu na chini ya mstari, hakuna skrubu ya kukusaidia. Globu hiyo na taa hiyo havipatani, na dereva anayekuja mbele yako ndiye atakayelipa. Itoe, hata kama inawaka vizuri kabisa.

Herufi zilizochongwa kwenye lenzi za taa zenye alama ya E ndani ya duara zingeweza kutuambia mapema taa ilitengenezewa globu ya aina gani: HCR ni taa ya halojeni yenye dimu na fuli, ilhali herufi D mahali pa H huonyesha taa iliyotengenezwa kwa zenoni. Maandishi ya boksi hayaaminiki kiasi hicho. Dimu ya H4 hutoa takribani lumeni 1,000. Globu ya LED ya wati 30 inayodai lumeni 20,000 inadai kisichowezekana. Wala nambari ya Kelvini si kipimo cha wingi wa mwanga, ni rangi yake tu, na kadiri inavyopanda kuelekea buluu ndivyo macho yanavyoumia bila barabara kuonekana zaidi.

Ninaloomba ni mambo mawili. Kwanza, waagizaji wa globu hizi waandike kwenye boksi wati halisi, aina ya taa inayofaa, ya rifleka au ya projekta (yenye lenzi ya kukusanya mwanga), na kama globu inakubali magari ambayo swichi yake iko upande wa ethi. Pili, gazeti lako, ambalo hutenga nafasi kwa masuala ya magari, lichapishe mchoro wa ule ukuta wenye mistari miwili, wa kimo cha taa na wa ukingo wa dimu chini yake, kwa ukubwa ambao msomaji anaweza kuukata na kuuweka ndani ya gari pamoja na funguo zake za matairi.

Wako mtiifu,
Fundi umeme wa magari