Maji ya kisima yenye chuma hayasafishwi kwa kuongeza klorini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niwafikishie ujumbe wenye vituo vya kulelea watoto, nyumba za wageni na familia zilizonunua yale mabwawa madogo ya kuogelea ya plastiki yanayosimamishwa juu ya ardhi. Msimu wa joto umefika, na kwa kuwa kaya nyingi za pembezoni mwa Dar es Salaam zinategemea visima, mabwawa hayo nayo hujazwa maji ya kisima. Mimi ni fundi wa pampu na machujio, na malalamiko ninayoletewa kila msimu ni yale yale: maji yalitoka kisimani yakiwa maangavu, yakatiwa klorini, na muda si mrefu yakawa kama chai ya rangi.

Mwenye bwawa akiona hivyo hudhani ni uchafu au mwani, basi huongeza klorini, kesho yake huongeza tena, na mwishowe hukata tamaa, akamwaga maji yote na kujaza upya kutoka kisima kile kile. Bwawa la kipenyo cha mita 3, likiwa na maji ya kina cha sentimita 60, hubeba zaidi ya lita 4,000. Inaniuma kuona kiasi hicho kikitiririka barabarani katika mitaa ambayo majirani wananunua maji kwa ndoo, tena bila faida yoyote, kwa sababu hayo maji mapya nayo yatabadilika rangi vile vile.

Chanzo ni madini ya chuma. Chini ya ardhi, mahali pasipo na hewa, chuma huyeyuka katika maji na jicho haliwezi kukiona. Maji yakikutana na hewa, na upesi zaidi yakikutana na klorini, chuma hicho hugeuka chembe laini za kutu. Wakati mwingine ardhi haina kosa, bali mabomba ya kisima yaliyoanza kuliwa. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha chuma kwa sababu za kiafya, ila linaeleza kwamba kikizidi miligramu 0.3 kwa lita huanza kutia madoa nguo na vyombo. Hivyo chuma chenyewe hakimdhuru mtoto anayeogelea. Kinachonitia hofu ni kwamba kila miligramu 1 ya chuma hula takriban miligramu 0.6 za klorini, kiasi kwamba maji yenye miligramu 3 za chuma kwa lita yanaweza kumaliza dozi nzima ya kwanza, na bwawa likabaki bila kinga dhidi ya vijidudu huku mwenyewe akiamini ameshatia dawa. Pia maji yaliyovurugika huficha sakafu, na bwawa ambalo msimamizi haoni sakafu yake halifai kuingiza mtoto hata mmoja, hata kama kina chake ni cha kufika kiunoni tu.

Kujua kama kisima kina chuma hakuhitaji gharama kubwa. Acha pampu iendeshe maji kwa dakika chache, jaza chupa mbili zinazopitisha mwanga, tia chembe chache za klorini katika moja, kisha ziache zote mbili hadi asubuhi. Ikiwa ile yenye klorini imegeuka rangi mara moja, na asubuhi kuna vumbi la kutu limetulia chini, jibu umelipata. Anayetaka kiwango kamili apeleke sampuli katika maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji.

Njia iliyo bora ni kukiondoa chuma kabla maji hayajaingia bwawani. Yajaze kwanza katika tangi, yakianguka kutoka juu kama manyunyu ili yachanganyike na hewa, yaache yatulie usiku kucha, kisha chota ya juu na uliache tope chini. Maji yenye asidi, yaani pH iliyo chini ya 6.5, huchelewa sana kuachia chuma kwa njia ya hewa peke yake, na hapo ndipo magadi soda kidogo husaidia.

Bwawa lililokwisha kugeuka rangi nalo linaokolewa bila kumwaga maji. Kwanza watoto watoke, na pH irekebishwe iwe kati ya 7.2 na 7.8. Kisha yeyusha shabu katika ndoo ya maji ya uvuguvugu, gramu 30 hadi 50 kwa kila lita 1,000 za bwawa, uimwage ukizunguka ukingo wote, koroga taratibu kwa ufagio safi na uzime pampu. Asubuhi utakuta tope la rangi ya kutu limelala sakafuni. Lifyonze kwa mpira hadi nje ya bwawa, polepole, bila kulipitisha katika chujio, kwa kuwa machujio ya karatasi yanayouzwa na mabwawa haya huziba upesi. Rangi inayobakia ichujwe kwa kupitisha maji ya pampu katika ndoo iliyotobolewa chini na kujazwa pamba ya mto ya polyester. Pamba ikigeuka kahawia, badilisha. Shabu hushusha pH, kwa hiyo ipimwe tena kabla ya kurudisha klorini, na watoto wasirudi hadi kipimo kioneshe klorini ya miligramu 1 hadi 3 kwa lita.

Madoa yaliyoshika kwenye plastiki hufifia yakisuguliwa kwa kidonge cha vitamini C, ila ieleweke kwamba chuma hicho kimerudi majini na bado kinapaswa kuondolewa.

Wauzaji wa mabwawa na dawa zake nawaomba jambo moja: maelekezo ya Kiswahili yanayoambatana na bidhaa yamwambie mteja apime chuma kabla ya kujaza, na yamwonye asichanganye klorini ya unga na asidi wala na dawa nyingine yoyote katika chombo kimoja, kwani gesi inayotoka huunguza mapafu. Aelezwe pia kwamba maji ya kuongezea, yale ya kufidia yanayokauka kwa jua, yatoke katika tangi lililotulia na si moja kwa moja kisimani, maana kila ndoo ya kisima huleta chuma kipya.

Fundi wa maji,
Dar es Salaam