Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mlima Pavagadh na Hekalu la Kalika Mata

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliamua kwamba vikao vyetu vya mwaka huu visirukeruke, bali vishike jambo moja hadi liive: hekalu la mungu wa kike wa Kihindu Kalika Mata, yaani Mama Kalika, lililo kileleni mwa mlima Pavagadh, katika jimbo la Gujarat, India. Azimio hilo limetekelezwa. Hesabu za fedha mtazipata kwa mweka hazina. Mimi nitazungumzia kazi yenyewe.

Pavagadh ni mlima wa miamba ya volkano, wenye urefu wa takriban mita 800, si mbali na jiji la Vadodara. Hekalu linakadiriwa kuwa la karne ya 10 au ya 11. Ndani yake Mama Kalika anaonekana kichwa tu, kimepakwa rangi nyekundu. Mlimani humohumo yapo mahekalu ya Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India, na chini yamesimama magofu ya mji wa Champaner pamoja na misikiti yake mikubwa ya mawe. Eneo lote liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2004. Tangu 1986 mahujaji wanaweza kupanda kwa magari ya kebo, ingawa wengi bado hukwea ngazi kwa miguu, hasa siku tisa za Navratri, sikukuu ya Kihindu ya kumheshimu Mama.

Masimulizi ya mlima huu ni mengi. Waumini husema mungu Shiva alipokuwa akizunguka na maiti ya mkewe Sati kwa majonzi, viungo vya mwili huo vilidondoka sehemu mbalimbali za nchi, na kidole cha mguu wa kulia kikaangukia Pavagadh. Husimuliwa pia kwamba ng'ombe wa mwenye hekima Vishvamitra alitumbukia katika bonde refu, akalijaza maziwa mpaka akaelea na kutoka. Vishvamitra akaomba bonde lifukiwe, ukashushwa mlima, na tunachokiona leo ni robo yake tu iliyobaki juu ya ardhi. Mto Vishwamitri, ambao kweli unaanzia Pavagadh na kupita Vadodara, unaitwa kwa jina lake.

Lakini kisa kilichotukalisha vikaoni hadi usiku ni cha mfalme Patai. Usiku mmoja wa Navratri, wanawake wakicheza garba, ngoma ya duara ya Kigujarati, Mama mwenyewe alishuka akajiunga nao katika sura ya msichana mrembo. Mfalme akamtamani, akamshika pindo la sari. Akaambiwa aombe chochote kingine, aachie. Hakuachia. Mama akamlaani: ufalme wako utaanguka.

Na kweli ulianguka. Jaisinh, mtawala wa Kirajputi wa ukoo wa Khichi Chauhan, ndiye anayetajwa kuwa Patai wa kisa hiki. Sultani Mahmud Begada wa Gujarat aliizingira ngome yake ya Pavagadh kwa karibu miezi 20, akaiteka Novemba 1484. Jaisinh alikamatwa akiwa na majeraha, baadaye akauawa. Sultani akahamishia makao yake Champaner, na mji huo ukawa makao makuu mpaka Humayun, mfalme wa Wamughal, alipouteka mwaka 1535.

Wanachama wengine walitaka kisa tukiweke kando kwa kuwa vita vinajieleza vyenyewe. Sikubaliani nao, na nataka kumbukumbu zioneshe hivyo. Historia inatueleza kwa nini ngome ilidumu muda mrefu kiasi kile: kuta zilizopangwa ngazi kwa ngazi, mabwawa ya mvua kama Dudhiya na Teliya karibu na kilele, na maghala ya nafaka ya Navlakha Kothar. Inatueleza pia kwamba Jaisinh aliomba msaada kwa sultani wa nchi jirani ya Malwa, na msaada haukumfikia. Ila muumini alibaki na swali lake: ngome iliyo chini ya miguu ya Mama ilitekwaje? Kisa kinamjibu kwamba Mama hakushindwa na jeshi lolote; aliondoa ulinzi wake mwenyewe, kwa sababu mtawala alimvunjia heshima mwanamke katika ngoma. Jibu hilo ndilo lililowafanya watu waendelee kupanda mlima baada ya ufalme kwisha. Anayetaka kuielewa Pavagadh lazima ashike yote mawili, bila kuyachanganya.

Jambo jingine lililotugusa, hasa sisi wa pwani tuliozoea ziara za makaburi ya masharifu, ni kaburi la walii Sadan Shah. Kwa karne nyingi lilikuwa juu ya hekalu hilohilo, hivyo Wahindu na Waislamu wakapanda ngazi moja kwa nia tofauti. Hekalu lilikaa bila kilele chake, yaani mnara wa paa lake, kwa takriban miaka 500. Katika ukarabati wa miaka ya karibuni, kaburi lilihamishiwa pembeni kwa makubaliano na wasimamizi wake, kilele kikajengwa upya, na tarehe 18 Juni 2022 Waziri Mkuu Narendra Modi akapandisha bendera juu yake. Nafurahi kwamba yalipatikana kwa mazungumzo. Naomba tu historia ya karne zile za ngazi moja isifutwe.

Wanachama wetu wenye asili ya Gujarat walitusaidia sana. Kisa cha Patai wanakijua tangu utotoni, wamekisikia kwenye garba za hapahapa Dar es Salaam, na kila familia ina namna yake: kwa mmoja mfalme alikuwa amelewa, kwa mwingine alikuwa na akili zake timamu. Wazee wanaokisimulia wanazidi kupungua.

Kwa hiyo kamati inaleta hoja moja: mwaka ujao tuwarekodi wazee hao, kwa Kigujarati na kwa Kiswahili, kwa idhini yao, na nakala ibaki kwa familia husika. Wenye vinasa sauti na wanaojua kutafsiri wajiandikishe kwa katibu kabla ya Navratri ya mwezi wa kumi, kwa sababu wakati huo ndipo wazee hukutana.